Shubiri Arobaini

Mzee wa Winchi hakunywa chai ya mtu kabla ya kupima. Kama hujaishi Isiolo huenda usione ubaya wake. Hapa ukifika kwa mtu, hata kama umekuja kumwambia ngamia wake amemaliza sukuma wiki yako, unapewa chai kwanza, na unakunywa. Yeye alikuwa anashuka kwenye lori, anajibu salamu zote, za afya, za mvua, za watoto, za mifugo, halafu kikombe kikiletwa anaweka mkono kifuani na kusema, "Baadaye, inshallah. Nikishapima." Nimeona wenye visima wakinuna siku nzima. Nimeona mama mmoja upande wa Merti akimwaga birika zima mchangani, polepole, huku akimwangalia machoni. Yeye akaendelea kupima.

Wengine walisema ni kiburi. Wengine walisema ana vidonda vya tumbo. Mimi nilikuwa upande wa kiburi.

Kazi yake ilikuwa kushusha watu visimani na kuwatoa. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kinajaa matope kila baada ya muda, na lazima mtu aingie ayazoe. Mtu huyo ni mimi. Yeye alikuwa na mabomba matatu marefu yaliyofungwa pamoja juu, yakisimama juu ya mdomo wa kisima kama miguu ya kigoda. Pale juu palining'inia puli. Waya ilipita kwenye puli hiyo, ikateremka mpaka kwenye dramu ya winchi iliyokaa ardhini mbali kidogo, imepigiliwa kwa vigingi. Wanaume wawili walizungusha dramu kwa mkono, yeye akashika breki. Upande wa pili wa waya kulikuwa na ubao wa kukalia, na juu ya ubao nilikaa mimi. Kwa hiyo nikisema nilimjua huyu mzee, sisemi kama jirani anavyosema. Nilining'inia kwake miaka tisa.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sitasema. Pale mtaa wa Wabera watakuambia bila kuulizwa, mpaka wafike kwa yule babu aliyekuja na jeshi la mkoloni. Mimi naweza kukuambia urefu wa shubiri yake, maana huo ndio uliokuwa ukinihusu.

Watu hudhani kamba ni kamba, bora isikatike. Wallahi hawajui. Waya ikijizungusha kwenye dramu haikai mahali pamoja. Inatembea, mzunguko kwa mzunguko, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule, kisha inapanda juu yake na kurudi. Puli haitembei. Basi waya ikiwa katikati ya dramu inatazamana na puli uso kwa uso, lakini ikifika ukingoni inaenda mshazari, imefanya kona kidogo. Kona hiyo ndiyo maisha ya mtu. Ukiweka dramu karibu sana na puli, kona inakuwa kubwa. Waya inasugua mdomo wa puli, inajikwangua nyuzi, na ikifika ukingoni inapanda ukingo wenyewe badala ya kurudi. Ukiweka dramu mbali sana, kona inakuwa ndogo mno, waya inakuwa mvivu, inajirundika mahali pamoja mpaka rundo liporomoke, na wewe huko chini unaporomoka nalo kidogo. "Karibu inakula, mbali inalala," alikuwa anasema. Hakuwa na misemo mingi. Huo aliutumia mpaka harusini.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Alipima nusu ya upana wa dramu kwa shubiri ya mkono wa kulia, kidole gumba mpaka kidole cha mwisho. Kila shubiri moja ya dramu alitaka shubiri arobaini za ardhi. Dramu yetu ilikuwa na shubiri mbili, nusu yake moja, kwa hiyo arobaini kamili kutoka chini ya puli. Alipiga magoti akatambaa mchangani na kanzu yake, akihesabu kwa sauti, ng'ombe wakimwangalia, watu wakimwangalia, chai ikipoa. Akifika arobaini anaweka jiwe. Kisha anachukua uzi, anaupima kutoka chini ya puli mpaka pembe ya kushoto ya dramu, halafu pembe ya kulia. Nyuzi zisipolingana dramu imekaa upande, inasogezwa. Ndipo alipokuwa anasimama, anajipangusa magoti, na kuuliza chai iko wapi.

Mkono ulikuwa lazima uwe mmoja. Kuna shule hapa mjini tulienda kuwasafishia kisima, na mwalimu mkuu, bonge la mtu, akataka kusaidia. Mzee akapima dramu, mwalimu akapiga magoti na suti yake akapima ardhi. Mzee akamngoja mpaka arobaini. Akasema, "Asante sana, mwalimu," halafu akarudi chini ya puli akaanza na moja.

"Kwani nimekosea kuhesabu?" mwalimu akauliza.

"Umehesabu vizuri sana. Lakini mkono ya dramu ni yangu na mkono ya ardhi ni yako. Nguo ikipimwa na huyu na ikatwe na yule, mwenye kuvaa atapata shida." Akanionyesha mimi kwa kidevu. Mimi ndiye niliyekuwa mwenye kuvaa.

Wakati mwingine alikuja injinia mmoja mwanamke kutoka Nairobi, msichana mpole, na simu ya kupima kona. Akaitazamisha huku, akaitazamisha kule, akasema kona ni digrii moja nukta nne, na kwamba kitabuni inatakiwa isizidi moja na nusu kwa dramu laini kama ile. Sote tukashangilia. Mzee wa Winchi hakufurahi hata kidogo. Jioni akaniambia, "Baba Kendi, hiyo simu ikiisha chaji atapima na nini?" Nikamwambia na wewe ukikatwa mkono utapima na nini. Akafikiria. "Na wa kushoto," akasema, "lakini nitaanza upya."

Nje ya winchi, alikuwa ovyo kabisa. Lazima niseme, nisije nikamfanya malaika. Mlango wa nyumba yake haukuwahi kufungika tangu nimjue. Aliupiga teke, akauwekea jiwe. Meza aliyomtengenezea mke wake ilikuwa na mguu mmoja mfupi, na mama yule alikuwa akiwaambia wageni, "Shikilia kikombe chako, hiyo meza ni kazi ya fundi wa kupima." Ukimwuliza njia ndio kabisa. Kila mahali kwake palikuwa "hapo tu". Alimwambia mzungu mmoja kwamba kituo fulani ni hapo tu, na mzungu yule akatembea saa tatu juani, akarudi mwekundu kama nyanya kuja kumtazama tu.

Waya aliitunza kuliko alivyojitunza yeye. Aliipitisha yote kwenye kiganja chake chenye kitambaa, pole pole, akitafuta uzi uliokatika, na akiuona anautazama kama mtu aliyetukanwa. Aliipaka oili chafu ya lori. Hakuna aliyeruhusiwa kuiruka ikiwa imelala chini. Na kila nilipotoka kisimani hakusema pole wala hongera. Alifunga breki, akaja mpaka karibu, akauliza, "Umefika?" Nikasema nimefika. Basi.

Sasa niseme la jina langu, maana bila hilo hutaelewa nilimpendea nini.

Isiolo nzima wananiita Tatu. Siyo jina la ubatizo. Mtu anayeshuka kisimani hushika kamba nyembamba ya ishara: ukivuta mara moja ni simama, mara mbili ni pandisha, mara tatu ni shusha. Kazi ya kwanza kabisa niliyofanya na Mzee wa Winchi ilikuwa kijijini Biliqo. Tulipokewa vizuri, tukachinjiwa mbuzi, tukala, ndipo tukafunga mabomba. Nilizoa matope mpaka alasiri. Nikiwa napandishwa mara ya mwisho, katikati ya kisima, waya iliniachilia ghafla. Nilianguka kiasi cha urefu wa mtu, kisha ikanishika kwa kishindo, ikanirusha ukutani. Bega la kushoto likavunjika, kichwa kikagonga jiwe. Nilipopata fahamu nilikuwa juu, nimelazwa, na watu wamenizunguka wakiuliza kumetokea nini.

Mzee wa Winchi akasema, "Kamba ya ishara ilivutwa tatu. Nikaachilia breki."

Mimi sikukumbuka nilivuta ngapi. Kichwa kilikuwa kinalia kama genereta. Nikasema labda. Hilo "labda" ndilo lililonimaliza.

Mzee alinishika kichwa mapajani mwake barabara yote ya kurudi, na ni mawe matupu. Lakini habari zilifika Isiolo kabla yetu, na plasta haijakauka nilikuwa tayari Tatu. Watu walicheka, lakini hakuna aliyetaka kunishusha. Kila fundi wa winchi aliniambia lile lile: mtu anapandishwa halafu anaomba kushushwa, huyo ataniletea kesi. Vijana walionikuta kwenye kazi walipewa visima, mimi nikawa nabeba ndoo. Nikaanza kujiogopa mwenyewe. Nikiwa na kamba mkononi, hata nyumbani nikifunga mbuzi, nilikuwa nahesabu kwa sauti.

Ni yeye peke yake aliyenirudisha. Alikuja mpaka kwangu Jumatatu moja, bega bado linaniuma, akasema, "Baba Kendi, ukipona uje, kisima kipo." Wengine wote waliniita Tatu. Yeye hakuniita hivyo hata siku moja, hata kwa utani. Nilimpenda kama baba yangu, nasema ukweli. Mke wangu alimwombea kila Jumapili kanisani, yule Mwislamu wa watu, kwa jina. Na mimi kila mtu aliponikumbusha Biliqo nilisema: ningekuwa yeye, nisingemchukua tena mtu kama mimi.

Miaka tisa.

Mwaka jana alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na ule mkono ukajifunga ngumi haufunguki. Kazi ikaisha. Nilikuwa naenda kumwona kila Alhamisi. Siku moja nikamkuta amekaa kitandani amevaa kanzu safi, kofia, kama mtu anayengoja gari. Mke wake akatoka bila kuambiwa. Nikajua kuna kitu.

"Baba Kendi," akasema. Ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalisikika. "Biliqo ilikuwa kumi na tisa."

"Kumi na tisa nini, mzee?"

"Shubiri."

Nikakaa.

"Tulikula kwanza," akasema. "Unakumbuka ile mbuzi? Tulikula, tukanawa, ndio nikaenda kupima. Nikafika kumi na tisa, mkono ikagonga miiba. Yule mwenye kisima alikuwa amejenga ua mpya wa ndama, umepita hapo hapo. Nikasimama. Nimekula nyama yake sasa hivi, mafuta bado iko kwa ndevu, halafu nimwambie, wewe mzee, ng'oa ua yako? Nikaona haya. Nikasema, leo tu. Nikafunga dramu hapo kwa kumi na tisa."

Akanieleza kwamba waya ilifika ukingoni, ikapanda ukingo, ikaanguka nje ya dramu. Hakuachilia breki. Breki ilikuwa imeshikwa vizuri kabisa.

"Na kamba ya ishara?"

"Ulivuta mbili. Nilihesabu. Mbili, Baba Kendi. Ulivuta vizuri." Akaishika ile ngumi yake kwa mkono wa kushoto. "Watu waliuliza, na mwenye kisima alikuwa amesimama hapo. Ningesema ni ua, ingekuwa nimemlaumu mwenyeji. Ningesema ni mimi, sikuweza. Tangu siku hiyo sijakula kwa mtu kabla ya kupima. Lakini wewe sikukuambia. Nisamehe hapa duniani, nisiende nayo."

Watu wa heshima wangemwambia nimekusamehe. Mimi nilisimama. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Nilimwambia, "Kwa hiyo hukunihurumia. Ulikuwa unalipa." Hakukataa. Nilimwambia nimeogopa mkono wangu mwenyewe miaka tisa. Hakukataa. Nikatoka, ule mlango usiofungika nikaujaribu kuubamiza, ukagoma.

Wiki tatu sikwenda. Mke wangu akaniuliza kama aendelee kumwombea, nikamwambia aniache. Lakini usingizi haukuwa unakuja, na alichokisema kilinizunguka: ulivuta vizuri. Siku ya ishirini na mbili, au karibu na hapo, nikarudi. Sikusalimia vizuri. Nikamwambia:

"Hapa chumbani ni sisi wawili. Neno lako hukulisema hapa. Ulilisema Biliqo, mbele ya watu. Ukitaka nikusamehe, utaenda kulirudisha mahali ulipolitoa."

Mke wake akasema, "Waryaa, wewe unataka kuniulia mume?" Mzee wa Winchi akamnyamazisha kwa mkono wa kushoto. Akasema, "Ni haki yake. Na ni hapo tu."

Tulienda na lori la bidhaa za maduka, yeye mbele karibu na dereva, amebanwa kati ya mto wa kulalia na mimi. Alitapika mara mbili. Sikumwonea huruma kama nilivyopaswa, na alipotaka kunishukuru kwa maji nikamwambia anywe anyamaze. Tukalala njiani. Asubuhi tukaingia Biliqo, na kisima kilikuwa palepale, na mifugo imepanga zamu, na mwenye kisima yupo, mzee sana sasa, amekaa juu ya dumu karibu na mabirika ya kunyweshea. Wanaume kama kumi hivi. Nusu yao niliwatambua. Mmoja akanisalimia, "Tatu! Nagaa?"

Nikamshusha Mzee wa Winchi. Hakungoja hata kukalishwa. Alinishikilia bega, lile zima, akasema kwa sauti yote aliyokuwa nayo, "Salaam aleikum. Mimi ndiye niliyemwangusha huyu mtu. Yeye alivuta mbili. Dramu ilikuwa karibu sana, nikajua, nikanyamaza. Nilisema uongo hapa, nimekuja kuutoa hapa."

Wakaitikia salamu. Ng'ombe wakaendelea kunywa. Mmoja akaanza kumtafsiria mwenye kisima kwa Kiborana, mzee akamwambia amesikia, yeye siyo kiziwi.

Mwenye kisima akamgeukia Mzee wa Winchi.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuja unapima na mkono, unapima, ukafika kwa ua yangu, ukasimama. Nikajua inakusumbua. Nikangoja uniambie."

"Ulijua?" Mzee wa Winchi akauliza.

"Nikasema fundi anajua kazi yake. Mgeni huwezi kumfundisha kazi, ni aibu. Nikangoja. Ukarudi, ukafunga chuma yako." Akanyoosha kidole pale ardhini, na hapakuwa na ua wala alama ya ua, mchanga tu na kinyesi cha mbuzi. "Ilikuwa miiba. Wanaume wawili wangeivuta kando, hata ndama hawangeamka. Ungeniambia tu, ningetoa."

Mzee wa Winchi alipatazama pale alipoonyeshwa. Akapatazama tena. Akataka kwenda pale, ule mguu wa kulia ukamkatalia, na mimi na yule aliyeniita Tatu tukamdaka kabla hajafika chini. Alilia kama mtoto, ute unamtoka upande ule uliolala, na wale wazee wakageuza nyuso wakawa wanaangalia ng'ombe, kwa adabu.

Hasira ilinitoka pale pale, sikuifukuza. Nikamfuta uso kwa shuka langu. Nikasema, "Mzee, nimekusamehe." Kisha nikasema tena, kwa nguvu, kila mtu pale kisimani asikie.